Masikio Hayazoei Bunduki

Wengi mnaniuliza kuhusu presha, sukari na uzito, na hayo tutayarudia panapo majaliwa. Leo nataka tuzungumze juu ya bunduki na masikio. Usiseme haikuhusu kwa sababu huna bunduki. Soma mpaka mwisho, maana huenda nyumbani kwako yupo mtu aliyewahi kuibeba, au aliyewahi kulala chini ya kitanda wakati zinalia, na mpaka leo mnagombana naye bila kujua chanzo ni nini.

SIKU YA KUJARIBU BUNDUKI

Mume wa dada yangu ameniruhusu kusimulia habari hii lakini hakuniruhusu kutaja jina lake, kwa hiyo nitamwita shemeji tu. Ni mtu wa Bukavu na ujanani alikuwa askari. Alikutana na dada yangu kwetu Kigoma, na sasa wako hapa Ubelgiji zaidi ya miaka 20. Kazini kwake kuna Wabelgiji wanaopenda kuwinda, wakamshawishi. Akasoma, akafaulu mtihani wa uwindaji wa Wallonia, wa nadharia na wa vitendo, akapata kibali na kununua shotigani mpya ya kaliba 12, nusu-otomatiki.

Dada yangu hakufurahi. Alisema bunduki na watoto havikai nyumba moja. Siku ya kuijaribu alikataa katakata kwenda, kwa hiyo shemeji akanigeukia mimi: "Shemeji, twende basi unipige picha." Hapa Brussels kuwinda kumepigwa marufuku, tukatoka nje ya jiji hadi uwanja wa shabaha upande wa Wallonia.

Msimamizi alitupa vifuniko vya masikio, vile vinavyofanana na hedifoni kubwa, na viziba vidogo vya sponji vya kutia ndani ya sikio. Mimi nikavaa vyote viwili. Shemeji alivining'iniza viziba nusu nje nusu ndani, kisha kifuniko cha upande mmoja akakisogeza juu kidogo. Nilipomwambia avae sawasawa akacheka: "Masikio yangu yamezoea, shemeji. Mimi nimepiga FAL bila hata pamba."

Akapiga. Ilikuwa bunduki laini kweli. Silaha ya aina hii hutumia nguvu ya mlipuko wenyewe kutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi inayofuata, na nguvu hiyo ikitumika humo, teke la begani hupungua. Sahani za udongo zilirushwa, zikapasuka moja baada ya nyingine. Boksi la risasi 25 likaisha, akafungua jingine.

Ndipo likatokea jambo. Msimamizi alitangaza wote waache kupiga, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kwenda kurekebisha mtambo wa kurushia sahani. Watu wote wakateremsha bunduki. Shemeji akainua yake. Msimamizi aliruka, akaweka mkono juu ya mtutu na kuusukuma uangalie chini, huku akimfokea. Mtu wa mtambo alikuwa bado hajatoka, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini miguu yangu iliishiwa nguvu.

Kwenye gari shemeji alikuwa na hasira. "Umeona? Amenionea kwa sababu ni mweusi. Wenzangu hajawafokea." Ndugu zangu, ubaguzi upo na sisi wote tumekutana nao. Siku ile, hata hivyo, niliona kwa macho yangu kwamba tangazo lilitolewa mara mbili na yeye hakulisikia. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ndani ya gari tulizungumza vizuri tu bila kupaza sauti. Mbona hapa ananisikia?

Nikakaa kimya nikifikiri, mwisho nikajipiga kofi la paja. Dereva wa hapa hukaa kushoto na abiria hukaa kuliani kwake. Nilikuwa nazungumza na sikio lake la kulia. Na mezani kwao, miaka yote, dada yangu hukaa upande gani? Kushoto. Ni dada huyo huyo ambaye kila akinipigia simu hulalamika: "Mume wangu namwita mara tatu ananipuuza kama simo ndani ya nyumba."

KWA NINI SIKIO LA KUSHOTO

Mtu anayetumia mkono wa kulia hulaza kitako cha bunduki ndefu kwenye bega la kulia na kuinamisha shavu juu yake. Kichwa kinageuka kidogo, sikio la kushoto linaelekea mtutu, na la kulia linafichwa na kichwa chenyewe. Kwa hiyo sikio la kushoto ndilo hupokea mshindo zaidi. Madaktari wa masikio wanaufahamu mtindo huu kwa askari na wawindaji. Mwenye kutumia mkono wa kushoto, kwake inakuwa kinyume.

Sasa tuangalie mshindo wenyewe. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kazini, kelele ya 85 kwa masaa 8 tayari inamlazimu mwajiri kuhakikisha unakinga masikio. Mshindo wa shotigani kwa kawaida hupanda hadi kati ya 150 na 165. Usidhani hiyo ni mara mbili tu ya mazungumzo: kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara 10. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kelele kazini imeweka ukomo wa mshindo wa ghafla kuwa 140, na hapo ni baada ya kuhesabu kinga aliyovaa mfanyakazi. Maana yake, risasi moja tu bila kinga inatosha kukuvusha mstari.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Mshindo mkubwa huzilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Nyingine huinuka tena baada ya siku kadhaa, ndiyo maana masikio huziba halafu yakafunguka. Nyingine hufa, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Sikio lina misuli midogo inayokaza ili kupunguza kelele, lakini mshindo wa bunduki unakuwa umeshapita kabla misuli haijakaza.

Kwa hiyo mtu akisema "masikio yangu yamezoea", huwa anasema kweli bila kujua: chembe za kusikia mlio ule zimekufa, ndiyo maana haumsumbui tena. Na ubaya wake ni kwamba haliumi. Bega likigongwa litavimba na utaacha. Sikio halitoi damu, halivimbi, linanyamaza tu. Bunduki laini kama ile ya shemeji inaongeza hatari kwa njia hiyo: bega halichoki haraka, unafyatua boksi baada ya boksi.

"HAELEWI KIFARANSA" AU HASIKII?

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kelele za bunduki huanza kula sauti nyembamba, za juu. Sauti za irabu, a e i o u, hubaki. Zinazopotea ni konsonanti nyepesi kama s, f, t, sh na k. Mtu anasikia kwamba unasema, lakini hapati unasema nini.

Kiswahili chetu humsitiri mtu wa namna hii. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu, tena ni lugha aliyoizoea, ubongo unajaza mapengo wenyewe. Mpeleke kwenye Kifaransa au Kiholanzi ukubwani na siri inatoka. Mwambie miadi ni saa "treize" au saa "seize", kwake yeye ni neno moja. Anafika saa 10 jioni wakati alitakiwa saa 7 mchana, anaambiwa hana nidhamu. Darasani mwalimu anasema hana bidii. Shemeji aliacha kozi ya Kifaransa mara mbili, na sote kwenye familia tulimcheka kwamba kichwa ni kigumu. Mimi muuguzi pia nilicheka. Namuomba radhi hapa hadharani.

Nikirudi nyuma naona kosa langu ni la zamani zaidi. Nilipomaliza masomo ya uuguzi nyumbani, nilifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi mkoani kwetu Kigoma. Tulipima malaria, tulipima utapiamlo, tulifunga vidonda. Walikuwepo watu waliopita katikati ya risasi na mabomu ili wafike kwetu. Sikumbuki hata siku moja nilipomuuliza mtu: "Masikio yako vipi?" Wengi kati ya watu hao leo wako Ulaya, Amerika na Australia, wamekaa kwenye madarasa ya lugha, wanaambiwa wazito.

KILICHOFUATA

Jumamosi ile jioni shemeji alikiri kwamba masikio yanavuma, kama nyenje wengi wameingia kichwani. Jumatatu asubuhi nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye hapa Ubelgiji huitwa ORL kwa Kifaransa na NKO kwa Kiholanzi. Alipimwa usikivu: unakaa ndani ya chumba kidogo kisicho na kelele, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Hakuna sindano wala maumivu.

Mchoro uliotoka ulikuwa na shimo karibu na hezi 4,000, mahali ambapo madhara ya kelele hupenda kuanzia. Masikio yote mawili yalikuwa na shimo, la kushoto lina kina zaidi. Alitibiwa kwa mshindo wa siku ile, na wiki chache baadaye alirudia kipimo. Nyenje walipungua na usikivu ukapanda kidogo. Lakini shimo kubwa lilibaki pale pale. Lile halikuwa la Jumamosi. Shemeji alilibeba kutoka kwao tangu ujanani.

Kuna jambo lilimfanya acheke kwa uchungu. FAL aliyoizungumzia ilibuniwa na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kilichoanzishwa mwaka 1889. Ni kiwanda hicho hicho ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1900 kilianza kutengeneza Auto-5, shotigani ya nusu-otomatiki ya kwanza kufanikiwa sokoni, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning. Browning mwenyewe alifariki mwaka 1926 akiwa kiwandani hapo. "Kumbe," shemeji aliniambia, "nilikuja kuishi jirani na waliokula masikio yangu."

UKIENDA UWANJANI, FANYA HIVI

1. Vaa kinga mbili pamoja: viziba vya sponji ndani na vifuniko juu. Ya pili haiongezi maradufu, huongeza kama desibeli 5 tu juu ya ile iliyo bora, lakini kwa mshindo wa bunduki hizo 5 ni muhimu.

2. Tia kiziba sawasawa. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kisha kishikilie nusu dakika mpaka kitanuke. Kikionekana kimetokeza nje, hakijaingia. Pamba na vipande vya tishu si kinga.

3. Angalia kinachopita chini ya kifuniko. Rasta, wigi, mtandio, kofia na miguu ya miwani hufungua mwanya. Sauti ni kama maji, haihitaji mlango mkubwa. Panga nywele na mtandio ili kifuniko kikae juu ya ngozi.

4. Vaa kabla hujaingia, vua baada ya kutoka. Wa jirani yako akifyatua, sikio lako haliulizi ni bunduki ya nani. Simu ikiita, toka nje kwanza.

5. Ikiwa usikivu wako ni hafifu, tumia vifuniko vya elektroniki. Hukuza sauti za watu na kuzuia mshindo. Na umwambie msimamizi mapema kwamba husikii vizuri, mkubaliane ishara ya mkono. Si aibu. Aibu ni kuinua mtutu wakati mtu yuko mbele.

6. Vaa miwani ya kinga, bonyeza kitako cha bunduki vizuri begani, na pumzisha mwili na masikio. Usimalize maboksi yote siku moja.

7. Masikio yakivuma, yakiziba, au ukihisi kizunguzungu baada ya kupiga, usingoje "itaisha yenyewe". Muone daktari siku hiyo hiyo au kesho yake. Dawa zinazotumika hufaa zaidi zikianza mapema. Na usitie mafuta wala dawa ya mtaani sikioni.

RISASI NI SUMU HATA ISIPOKUGONGA

Lugha yetu ina hekima. Risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni jina la madini yenyewe. Madini hayo ni sumu. Hutoka kwenye marisau, na hutoka pia kwenye kiwashio cha risasi nyingi, kama moshi na vumbi unalovuta na linaloganda mikononi. Viwanja vya ndani visivyo na hewa nzuri ni hatari zaidi. Mjini Berlin, Ujerumani, polisi wengi walilalamika kuugua baada ya miaka ya mazoezi katika kumbi za namna hiyo, na mwaka 2018 jiji likawalipa mamia yao fidia.

Mtoto huathirika haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limesema mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo usile, usinywe wala usivute sigara uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Ukifika nyumbani badilisha nguo na viatu, koga, ndipo ubebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Uliza pia kuhusu marisau ya chuma. Tangu Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau ya risasi kwenye maeneo ya majimaji na kandokando yake.

Mama mjamzito asiende kabisa. Sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma, na hakuna kifuniko cha masikio kwa mtoto aliye tumboni.

BUNDUKI IKISHARUDI NYUMBANI

Dada yangu alikuwa na haki ya kuogopa. Silaha ikae bila risasi, ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, na risasi zifungiwe mahali pengine. Funguo zisikae mahali watoto wanapajua. Makaratasi yawe kamili. Sheria ya silaha ya hapa ni ya tarehe 8 Juni 2006, na wengi wetu tunakumbuka ilipitishwa katika majonzi gani: mwezi mmoja kabla, mjini Antwerp, kijana mbaguzi alinunua bunduki ya kuwindia dukani, na siku hiyo hiyo akamuua dada mmoja mwenye asili ya Mali pamoja na mtoto wa miaka 2 aliyekuwa akimlea.

Na ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu aliyekata tamaa, halali, au anasema maisha hayana maana, silaha iondoke nyumbani siku hiyo. Hapa Ubelgiji unaweza kupiga 0800 32 123 kwa Kifaransa au 1813 kwa Kiholanzi. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 112. Vile vile, ikiwa mlio wa bunduki au hata fataki za mwaka mpya unakurudisha vitani, moyo unakwenda mbio na jasho linakutoka, hiyo ni jeraha kama majeraha mengine. Mwambie daktari wako. Wala usikubali kwenda uwanjani ili kuwaridhisha marafiki.

NENDA UKAPIMWE

Ukiwa ulipitia jeshi, vita, machimbo yenye baruti, au mtu wako anapandisha TV mpaka majirani wanagonga ukuta, anza kwa daktari wako wa familia au ORL. Ukihitaji kifaa cha kusikia, mutuelle hulipa sehemu ya gharama kwa anayetimiza masharti, lakini lazima uanze na daktari na kipimo, usikimbilie dukani. Asiye na makaratasi aulizie msaada wa dharura wa matibabu kwenye CPAS ya komyuni yake. Kama lugha inakupiga chenga, uliza hospitali kama ina mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya ugonjwa wako.

Shemeji sasa anavaa kifaa sikio la kushoto, na msimu wa uwindaji ulipofika alikwenda na vifuniko vya elektroniki. Alirudi uwanjani kumuomba radhi yule msimamizi. Ameanza tena kozi ya Kifaransa, amekaa kiti cha mbele. Na dada yangu amehamia upande wa kulia wa meza. Ananiambia kwa simu, huku akicheka, kwamba siku hizi anamwita mara moja tu.

Wasalaam, tuonane tena katika safu hii. Ulizia masikio ya mzee wako leo.